Wimbi liliruka treni likanifuata mimi

Kabla hamjaendelea kuforwadi ile video ya mimi kupigwa na wimbi kando ya reli naombeni mnisikilize na mimi. Kwanza sikulia, yale ni maji ya bahari. Pili wimbi halikunibeba mpaka duka la chipsi kama anavyowadanganya huyu jamaa yangu aliyenirekodi, nilitembea kwa miguu yangu mwenyewe, sema nilitembea haraka.

Wanaopenda picha za treni wanaijua Dawlish, kule Devon, Uingereza. Reli ya kwetu Tanga ina adabu, ikitoka bandarini inashika njia ya bara. Brunel, mhandisi wa reli ya Dawlish, yeye akaamua kuipitisha ya kwake kwenye ndevu za bahari, ikafunguliwa 1846, huku majabali mekundu huku mawimbi, treni inapita katikati kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Februari 2014 dhoruba ikabomoa ukuta wa kuzuia bahari, reli zikabaki zinaning'inia hewani, treni hazikupita tena mpaka Aprili. Siku hizi kuna ukuta mpya wamejenga, ndo ulionipa kiburi.

Na mimi mtoto wa Tanga bwana, bahari ya wazungu itanitisha nini? Bamvua hilo, upepo wa mashariki, maji yanajaa mchana kweupe. Nikamwambia jamaa leo ndo leo, nataka ile picha ya wimbi linaipiga treni ubavuni linasimama juu ya paa. (Zile treni za Voyager enzi hizo zikimwagiwa maji ya chumvi zilikuwa zinazima kabisa, vifaa vyake vya breki viko juu ya paa, aliyebuni hakuwa mtu wa pwani.)

Nikasimama upande wa nyumba, yaani bahari, ukuta, reli, halafu mimi. Hesabu yangu ilikuwa treni ikipita itanikinga. Msicheke. Wazee wenye chupa zao za chai walikuwa wamejibanza kwenye kuta za nyumba, nyuma kabisa, mmoja akaniita, "Kijana, rudi nyuma kidogo," nikampa dole gumba. Kamera nimeivalisha mfuko wa rambo, koti nimeliacha wazi nipate kukunja kiwiko vizuri.

Treni ikatokeza kwenye mdomo wa handaki. Jicho kwenye kamera, kidole tayari. Nikasikia ukuta umepigwa, DUU, mpaka nyayo zikatetemeka, halafu kimya. Wimbi likaanza kupanda nyuma ya treni, jeupe, linapanda tu, likapita madirisha, likapita paa, nami nabonyeza kaka kaka kaka nasema mashallah mashallah. Likafika juu likasimama. Pale juu nikaona vitu vyeusi ndani yake, nikajiuliza ndege? Kokoto! Likainama, ndugu zangu, halikuinamia treni, lilikuwa limeshamalizana na treni. Kuna mtoto dirishani alinipungia mkono, na mimi kwa malezi mema nikampungia, mdomo wazi, na mdomo ndo ulioanza kupokea. Baridi ikaingilia kwenye kola, ikashuka uti wa mgongo taratibu, ikafika kiunoni ikapumzika kidogo, ikaendelea na safari mpaka kwenye soksi. Mfuko wa rambo ukajaa maji, kamera iko ndani inaelea. Kwenye video hapo inasikika "MAMAAA!" na mnasema ni mimi. Upepo ule.

Mengine mnayajua. Mwani sikioni, kofia imeenda, wazee wakanipa chai bila kusema neno, nikapanda treni kurudi mjini Exeter nimesimama njia nzima maana sikutaka kulowesha viti vya watu. Kamera fundi ameitikisa akaniuliza mchanga huu wa wapi. Kadi ikapona, picha ya mwisho ni kiganja changu kinapunga, treni haipo.

Ila jamaa hakutosheka, akaitupia video kwenye grupu la ukoo. Asubuhi hata sijanawa uso mama kapiga.

"Mwanangu, nasikia umezama na treni?"

"Hapana mama, nilikuwa barabarani."

"Na treni je?"

"Ilikuwa relini."

"Na bahari ilikuwa wapi?"

Nikamweleza, bahari, ukuta, reli, barabara. Akanyamaza. Nikamsikia anamgeukia shangazi: "Anasema hakuzama, bahari ndo ilipanda barabarani. Mwambie mjomba wake ampigie, huyu mtoto hayuko sawa."