H-1B siyo mlango pekee

Nimesoma makala ya viza za kazi za Marekani, mwandishi kaelezea vizuri waajiri wa huko wanavyolia na bahati nasibu ya H-1B, viza ya wataalamu wenye digrii, ila kaishia hapo hapo kama vile viza nyingine hazipo. Jamani, H-1B ni nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 za ziada kwa wenye masta za vyuo vya huko, lakini vyuo vikuu vyenyewe haviguswi na hiyo idadi, vinaomba mwaka mzima. Mwenye shamba ana H-2A, haina kikomo ila ni ya msimu na mfanyakazi asiyeweza kurudi kwao jioni lazima apewe pa kulala bure, mahoteli wao wanagombania nafasi 66,000 kwa mwaka za H-2B, ya kazi za muda zisizo za shamba. Kampuni yenye tawi nje inamhamisha mtu wake kwa L-1, mradi awe kapiga kazi kule mwaka mmoja ndani ya miaka 3 iliyopita. Na hapa ndo watu wanapigwa: dalali akikwambia ulipie kwanza ili uwekwe kwenye orodha ya H-2A au H-2B kimbia, sheria inamkataza mwajiri na mawakala wake kumtoza mfanyakazi ada ya kutafutiwa kazi, hata kwa kumkata mshahara baadae.