Uchawi una bei yake: nadharia za Game of Thrones zilizoshika na zilizochanika

Mwaka 2019 mkeka wangu ulichanika vibaya sana, na wala sio wa mpira. Niliweka dau la chipsi kuku mbili na soda kwamba Jon Snow, shujaa wa Game of Thrones, ndo atamuua yule Mfalme wa Usiku, kiongozi wa jeshi la wafu. Aliyelipokea dau ni mshikaji wangu fundi simu, kibanda chake kipo jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, na yeye wala hakutaja mtu, alisema tu "yoyote ila sio Jon". Sizoni ya 8 epsodi ya 3, Arya, aliyekua na Jon nyumba moja, akatokea gizani na kisu, mchezo kwisha. Jamaa hata hakucheka, aliendelea kupiga mswaki bodi ya simu ya mteja, afu akasema "kuku awe paja".

Tangu siku hiyo hatujaacha kubishana, na ubishi wenyewe sio nani alimuua nani, ubishi ni kama hizi nadharia za mashabiki zina faida yoyote au ni kujichosha. Kwa ambaye hajaifatilia, Game of Thrones ni siriz ya HBO iliyoonyeshwa 2011 hadi 2019, sizoni 8, epsodi 73, imetokana na riwaya za George R.R. Martin. Kitabu cha kwanza kilitoka 1996, cha tano 2011, cha sita tunakisubiri mpaka leo. Sasa miaka yote hiyo ya kusubiri watu wangefanya nini kama sio kupiga ramli?

Fundi anasema nadharia ni uhai wa stori. Hoja yake kubwa ni Jon. Kwenye kitabu cha kwanza tunaambiwa Jon ni mtoto wa nje wa Ned Stark, bwana wa Kaskazini, basi, mtu unapita. Lakini kuna mashabiki hawakupita. Wakaona mbona Ned kila akimkumbuka dada yake Lyanna anakumbuka kitanda chenye damu na ahadi aliyompa akiwa anakata roho, mbona kuna maua ya waridi ya bluu yanarudi rudi, mbona huyu mzee asiyejua kudanganya anakuwa mkali akiulizwa mama wa Jon ni nani. 1997 tu, kitabu kina mwaka mmoja, watu walishaandika kwamba Jon sio mtoto wa Ned, ni wa Lyanna na Rhaegar Targaryen, mwana wa mfalme. Siriz ikaja kuthibitisha mwisho wa sizoni ya 6, mwaka 2016. Piga hesabu, miaka 19! Na inasemekana Martin alipokutana mara ya kwanza na wale jamaa wawili waliokuja kuitengeneza siriz aliwauliza mama yake Jon ni nani, wakapatia, ndo akawaamini. Yani nadharia ya mashabiki ikawa kama mtihani wa kuingilia kazini.

Hapo simbishii. Siri ya mtu huwa inavuja, mwandishi hata ajitahidi vipi lazima aache nyayo, la sivyo siku ya kufichua wasomaji watamwona tapeli.

Ubishi unaanza tukifika kwenye uchawi. Na hapa aliyetuvuruga ni binti mmoja anayesoma UDOM, chuo kikuu cha hapa Dodoma, alileta simu kubadilishiwa kioo, akakaa kwenye lile benchi anasikiliza kama dakika kumi hivi afu akashindwa kuvumilia. "Samahani kaka zangu, lakini nyie mnaongelea uchawi kama mnaongelea chaja. Mnataka kujua unaingiza wati ngapi unatoa wati ngapi. Uchawi ukishaujua hivo si umekuwa umeme tu?" Fundi akaweka pasi ya risasi chini, ujue imemwingia.

Binti kwao Kondoa. Akatoa mfano wa Kolo, kule kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Anasema wataalamu wanakuja, wanapima, wanaandika, na ni sawa kabisa, lakini kuna wenyeji ambao mpaka leo wanaenda kwenye hayo mapango kufanya matambiko, kuomba mvua na kuomba uzima, na hao hawamuulizi mtu jiwe linafanyaje kazi. Likiulizwa hivo linabaki jiwe. Kwa hiyo kwake nadharia za uchawi ni wivu wa watu wasiopenda kukaa na kitu wasichokielewa.

Na kusema ukweli ana ushahidi. Chukua suala la misimu. Kwenye ile dunia ya Martin kiangazi kinaweza kwenda miaka, na baridi hivohivo, na hakuna anayejua itaisha lini. Sisi wa Dodoma tunaelewa kidogo, mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, ukikosea kupanda unasubiri mwaka mzima unaangalia vumbi. Lakini kuna watu hawakutosheka kuelewa, wakataka sababu. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani mwaka 2013 waliandika kabisa andiko na mahesabu ndani kuuliza kama hiyo sayari inaweza kuwa inazunguka jua mbili. Nikasoma nikacheka, sio kwa dharau, walifanya kwa utani mzuri tu. Ila Martin mwenyewe alishasema jibu la misimu ni la kichawi, sio la kisayansi. Sa ukishamaliza kupiga hesabu za jua mbili unakuwa umeelewa nini kuhusu mtoto anayelala njaa kwenye theluji?

Halafu kuna mambo ya kusubiri jibu mpaka jibu linachacha. Siriz nyingine ya vitabu, The Wheel of Time ya Robert Jordan, kuna mwovu mmoja anaitwa Asmodean aliuawa mwishoni mwa kitabu cha 5, mwaka 1993. Anafungua mlango, anamwona mtu anayemjua, anakufa, hatuambiwi nani. Mashabiki wakagombana miaka 17, orodha za washukiwa, ushahidi, nani alikuwa wapi saa ngapi. Jordan akafariki 2007, Brandon Sanderson akaja kumalizia, na jibu likatoka 2010 wapi? Kwenye faharasa ya maneno mwisho wa kitabu cha 13, mstari mmoja, muuaji ni Graendal, mwovu mwenzake. Yani umesubiri harusi miaka 17 unapewa pilau kwenye mfuko wa rambo dirishani.

Nilimpa binti pointi. Lakini sikumpa mechi, na sababu ni hii.

Rudi sizoni ya 1. Khal Drogo ana kidonda kimeoza, mkewe Daenerys Targaryen anamwomba yule mama mganga, Mirri Maz Duur, amponye. Mganga anamwambia wazi kabisa, uhai unalipwa kwa kifo. Daenerys anaona farasi anachinjwa, anadhani bili imelipwa. Kumbe bili ni mtoto aliye tumboni. Anampoteza mtoto, na Drogo anarudi mzima wa kupumua tu, gogo la mtu. Mtu yoyote wa hapa anayeangalia ile sini hahitaji kuelezwa, tumekua tunasikia stori za mganga anayetaka kuku mweusi, afu mbuzi, afu siku moja anakutajia kitu ambacho ukitoka nje unatapika. Uchawi wa bure haupo. Ukisoma vitabu vya Martin ukiwa na hilo kichwani, mambo yanapangika yenyewe. Yule shujaa Beric Dondarrion anafufuliwa mara 6, na kila akirudi kuna kitu kimebaki huko, anasahau nyumbani kwao, anasahau mwanamke aliyetaka kumuoa. Stannis, anayeutaka ufalme, anatengenezewa kivuli cha kumuua ndugu yake, na mwenyewe anazeeka ghafla. Mayai matatu ya dragoni yanaanguliwa kwenye moto uliomchoma mganga akiwa hai.

Hii sio kuugeuza uchawi kuwa chaja. Hatujui moto unaanguaje yai la jiwe, na mi sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba kuna mtu analipa. Hizo ni habari mbili tofauti, na nadhani ndo tunapopotezana mashabiki wote: kuna nadharia inayotafuta sheria ya uchawi, na kuna inayotafuta sababu yake. Ya kwanza inanisaidia kusoma, ya pili inaninyang'anya kitabu.

Nikamkumbusha binti Fumo Liyongo, kila mtu shuleni alikutana naye. Shujaa haingiwi na mkuki wala mshale, kinachomuua ni shaba kitovuni tu. Kwanini shaba? Kwanini kitovu na sio kisigino au sikio? Utenzi haujibu, na sijawahi kusikia mtu analalamika. Lakini sheria tunaijua kabla, maana Liyongo anaitoa kwa mdomo wake, anamwambia mwanae wa kumzaa, ambaye mfalme wa Pate kashamrubuni kwa ahadi ya kumwozesha binti yake. Ile siri ikishatoka tu unajua mzee amekwisha, unaanza kuumia kabla hajalala. Ingekuwa anachomwa tu kitovuni ghafla bila sisi kujua, tungesema mtunzi kaishiwa. Sanderson niliyemtaja hapo juu ana kanuni yake ya mwaka 2007 inayosema kitu karibu na hicho, kwamba uchawi unaweza kutatua tatizo kwa kiwango kile ambacho msomaji anauelewa. Sawa, ila wa pwani walishalijua.

Binti akanyamaza kidogo afu akasema "lakini Azor Ahai?" Hapo akanigusa kidonda cha kuku.

Azor Ahai ni bishara ya mwokozi atakayezaliwa tena, na imechanganywa na ile nyingine ya mwana wa mfalme aliyeahidiwa. Mikeka yote ya mashabiki ilikaa hapo, wengine Jon, wengine Daenerys, wengine mpaka Jaime. Siriz ikaisha hakuna aliyelipwa. Lakini angalia kitu kitamu kwenye kitabu cha 4, cha mwaka 2005. Mzee Aemon, naye wa ukoo wa Targaryen, kipofu, ana miaka zaidi ya 100, anakaribia kufa, ndo anashtuka kwamba familia yao imekosea vizazi na vizazi kwa sababu ya tafsiri. Walikuwa wanasubiri mtoto wa kiume. Dragoni hana uume wala uke wa kudumu, kwa hiyo aliyeahidiwa anaweza kuwa msichana, anaweza kuwa Daenerys. Mashabiki wa Kiingereza walipiga kelele kweli na huo ufunuo. Sisi tukiisema kwa Kiswahili, "mwana wa mfalme aliyeahidiwa atakuja, atatuokoa", jinsia iko wapi? Haipo! Lugha yetu ingewaokoa wale wazee miaka mia. Fundi anasema ndo maana yeye hakutaja jina kwenye dau, nikamwambia acha uongo, ulibahatisha.

Kwa hiyo ndio, bishara zinachana mikeka, nakubali, na nadhani Martin anafanya makusudi, kila anayeamini bishara kwenye vitabu vyake anachoma kitu anachokipenda. Stannis kwenye siriz alimchoma binti yake. Ila ona, hata hapo sheria ya bei haijavunjwa. Iliyovunjika ni hesabu ya nani atapokea mzigo.

Mahali ambapo mi naona siriz yenyewe ilikosea ni Jon kufufuka, sizoni ya 6 epsodi ya 2. Melisandre, yule kuhani mwanamke wa moto, anamwosha, anamkata nywele, anasema maneno, anatoka nje kachoka, Jon anavuta pumzi. Nani kalipa? Hakuna. Jon ana huzuni wiki mbili tatu afu maisha yanaendelea. Tumezoea kwenye muvi kwamba steringi hafi, sawa, lakini huku tulishaambiwa kila kitu kina bili. Fundi anasema hapo ndo siriz ilianza kumfia mkononi, mi nasema ilichelewa kidogo, ila tunakubaliana.

Na ndo maana dau letu jipya liko kwenye vitabu. Kitabu cha 5 kinafunguka na mtu anaitwa Varamyr, anaingia kwenye miili ya wanyama, na kupitia yeye tunaambiwa kwamba ukifa ukiwa ndani ya mnyama unaishi maisha ya pili, lakini kidogo kidogo utu unayeyuka unabaki mnyama. Mwisho wa kitabu hichohicho Jon anachomwa visu, na neno la mwisho linalomtoka ni jina la mbwa mwitu wake, Ghost. Sheria mwanzoni, kifo mwishoni, kitabu kimoja. Fundi anasema Jon atarudi ila nusu mbwa mwitu, na kitakachokosekana ni kile kitu kilichokuwa kinamfanya afanane na Ned. Binti anasema hapana, atarudi na hatutaambiwa kilichopungua, tutakihisi tu. Nimeshindwa kuchagua, nikaweka soda moja kila upande.

Fundi kayaandika yote matatu kwa peni nyuma ya boksi la chaja, kalibandika ukutani juu ya mashine ya kutenganisha vioo. Kioo cha binti kilikuwa tayari, akalipa, akasoma tena lile boksi, akamwambia "kaka weka na tarehe". Fundi akauliza tarehe ya lini. Tukaangaliana.