Kabla hujalipia makala, tafuta nakala yake ya pili

Mwongoza watalii wa Fort Jesus anayetaka kujua wachimbuaji walipata nini kwenye magofu ya Gede au Mtwapa hana nywila ya chuo chochote, ile inayofungua majarida ya kulipia. Akitafuta mtandaoni atafikishwa kwenye Azania, jarida la akiolojia lililoanzishwa mwaka 1966 na taasisi iliyo papa hapa Kenya, Nairobi, na ambalo leo linatolewa kupitia Taylor & Francis. Ataonyeshwa ikisiri ya aya moja, na chini yake bei. Makala moja ya kitaaluma kwa kawaida huuzwa dola 30 hadi 40 au zaidi, yaani kuanzia karibu shilingi 4,000. Ni historia ya mababu zake, imeandikwa kutokana na ardhi anayoikanyaga kila siku, na hawezi kuisoma.

Mimi naona hilo ni dhuluma, na nitalisema wazi. Mtafiti aliyeandika makala halipwi na jarida. Wataalamu wanaoipitia kabla haijachapishwa nao kwa kawaida hawalipwi. Fedha za utafiti wenyewe mara nyingi zimetoka kwenye kodi za watu au kwa wafadhili. Mchapishaji ana gharama zake, sikatai, ila gharama hizo hazielezi kwa nini muuguzi wa Changamwe aombwe pesa za unga wa mwezi mzima kwa kurasa kumi na mbili.

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi, nalo liko mikononi mwetu. Wengi wetu tukiona bei tunafunga ukurasa na kuondoka. Mwanafunzi anaishia kunukuu ikisiri tu, kana kwamba amesoma makala nzima, na msimamizi wake hajui. Kumbe kilichofungwa ni toleo moja. Makala hupita hatua: kwanza ni muswada wa awali, kisha muswada uliokubaliwa baada ya kupitiwa na wataalamu, halafu ndipo hupangwa kurasa na kutiwa nembo ya jarida. Wachapishaji wengi hufunga hilo la mwisho, na humruhusu mwandishi aweke muswada uliokubaliwa kwenye hazina ya kidijitali ya chuo chake, pengine baada ya kungoja mwaka mmoja au miwili. Maneno ni karibu yale yale, majedwali ni yale yale. Tofauti kubwa ni namba za kurasa, kwa hiyo ukinukuu neno kwa neno kuwa mwangalifu hapo.

Nakala hiyo ya pili huipati kwa kubahatisha. Andika jina zima la makala kwenye Google Scholar, kitafutio cha makala za kitaaluma, ndani ya alama za kunukuu, kisha usiishie kwenye kiungo cha kwanza. Chini ya tokeo lenye nakala zaidi ya moja kuna kiungo cha matoleo yote, na hapo ndipo PDF ya chuo fulani huwa imejificha. Mwenye kompyuta aweke Unpaywall kwenye kivinjari chake. Ni programu ndogo ya bure iliyotoka mwaka 2017, na pakiwa na nakala halali popote inakuonyesha kufuli la kijani lililofunguka. Kwa simu, ambayo ndiyo kompyuta ya wengi wetu hapa, nakili DOI, ile namba inayoanza na 10, uibandike kwenye CORE, tovuti inayokusanya makala zilizo wazi, au kwenye Europe PMC ikiwa ni mambo ya tiba. Za tiba ndizo zenye nafuu kubwa. Tangu Julai 2025, makala zinazotokana na fedha za taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, zinatakiwa kuwa wazi kwenye PubMed Central, hazina ya bure ya makala za tiba, zinapochapishwa tu, bila kungojewa mwaka kama zamani.

Kwa wanaosoma habari za bahari, nami nawahimiza hasa hao kwa kuwa bahari ndiyo maisha yetu, ipo AquaDocs. Hazina hii ya machapisho ya bahari na maji ina mizizi Afrika: moja ya miradi iliyoizaa ilianza kwa kukusanya kazi za wanasayansi wa bahari wa bara hili. Lipo pia jarida la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, na makala zake unazisoma bure kupitia African Journals Online. Mikoko ya Gazi, dema na nyavu za wavuvi wetu, matumbawe: mengi yameandikwa humo. Inanisikitisha kuona tasnifu kuhusu Tudor Creek, mkono wa bahari wa hapa Mombasa, iliyojaa marejeo ya Florida na Australia, huku kazi zilizofanywa kilomita chache kutoka hapo hazikutajwa hata moja.

Historia na Kiswahili nako hakuna ukame. JSTOR, maktaba ya kidijitali ya majarida, humruhusu mtu yeyote aliyefungua akaunti binafsi kusoma makala hadi 100 kila siku 30, mtandaoni bila kupakua. Jarida la Swahili Forum liko wazi lote. Na SOAS, chuo cha London, imeweka mtandaoni miswada ya kale ya Kiswahili, ikiwemo tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na kuzitazama hakuna malipo.

Njia zote hizo zikikwama, mwandikie mwandishi. Anwani yake ya barua pepe mara nyingi imo kwenye ukurasa ule ule wenye bei. Mistari minne yatosha: wewe ni nani, unasoma wapi au unafanya kazi gani, makala ipi unaiomba, na shukrani. Wachapishaji wengi wakubwa wanamruhusu mwandishi kumtumia nakala mtu mmoja mmoja, na watafiti hufurahi kuona kazi yao inasomwa pwani. Usione haya. Kuomba elimu si kuomba sadaka.

Na mtu wa chuo amuulize mkutubi wake kabla ya kuniuliza mimi. Vyuo vingi vya Kenya hununua majarida kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba, KLISC. Juu ya hapo kuna Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, unaozipa taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida bure au kwa ada ndogo. Anayejiandikisha ni taasisi, si mtu binafsi. Nywila ipo, mwanafunzi hajui, muhula unaisha.

Wengi wataniuliza kuhusu Sci-Hub, tovuti inayotoa bure makala za kulipia bila idhini ya wachapishaji. Aliianzisha Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan mwaka 2011, na mwaka 2017 mahakama ya New York iliiamuru ilipe Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida, dola milioni 15. Simhukumu mwanafunzi aliyepitia huko, maana najua kilichomsukuma. Ila mimi sitaki wadogo zetu wategemee maktaba inayoweza kufungwa kwa amri ya hakimu. Na inamfaa msomaji tu. Haimlazimishi mtafiti wala mfadhili kubadilika.

Nao ndio wanaopaswa kubadilika. Tazameni zipi zimefunguliwa. Utafiti wa vinasaba vya Waswahili wa kale, wakiwemo waliozikwa Mtwapa, uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2023, uko wazi kwa kila mtu. Majaribio ya chanjo ya malaria ya R21, yaliyohusisha watoto wa Kilifi, yako wazi kwenye jarida la tiba la Lancet. Nyuma ya kazi hizo kuna wafadhili wakubwa. Ufunguzi wa namna hiyo kwa kawaida una bei yake kwa mwandishi, na Nature ilipotangaza ada yake mwaka 2020 ilikuwa euro 9,500. Mhadhiri wetu asiye na ufadhili hawezi hata kuifikiria, hivyo kazi yake ndogo kuhusu mikoko au misikiti ya kale ndiyo inayobaki imefungiwa. Kwake yeye, kuweka muswada uliokubaliwa kwenye hazina ya chuo hakuna ada, ni kazi ya dakika chache tu.

Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya ya sayansi na teknolojia, tayari inamtaka kila mtafiti awasilishe ripoti yake ya mwisho ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Naomba sharti moja liongezwe: kila makala itakayotokana na leseni hiyo iwe na nakala iliyo wazi mtandaoni, na kiungo chake kipelekwe kwenye maktaba ya umma ya kaunti ambako utafiti ulifanyika. Kwa kazi za huku, iwe maktaba ya umma hapa Mombasa, ambapo yule mwongoza watalii anaweza kuingia bila kuulizwa anasoma chuo gani.