Mungu hana lango la Marangu

Sisi wa Moshi tuna mfano wetu kuhusu kuwepo kwa Mungu. Nimeusikia mimbarini, msibani na hata kijiweni. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akaandika kwamba ni theluji. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye huku hakuwahi kukanyaga, akang'aka: theluji karibu na ikweta? Akashikilia hivyo kwa miaka. Hapo mhubiri hushusha sauti: "Wapo wanaosema Mungu hayupo kwa kuwa hawajamwona. Cooley naye theluji hakuwa ameiona!" Vigelegele.

Hadithi tamu, ila inamgeuka anayeisimulia. Ubishi ule haukumalizwa na imani ya Rebmann, ulimalizwa na miguu. Von der Decken alipanda sehemu ya mlima mwanzoni mwa miaka ya 1860 akashuka na habari ileile, na mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Leo mgumu yeyote aliyebebea watalii mizigo hadi Kibo Hut atakwambia theluji iko wapi na imepungua vipi. Mlima una lango: lipia, panda, jionee. Mungu hana lango la Marangu.

Msimamo wangu niuweke mezani. Kuwepo kwa Mungu hakuthibitishiki na wala hakukanushiki, lakini mengi yanayodaiwa kwa jina lake yanapimika, na sisi tunayachanganya hayo mawili kila siku. Nasema haya nikiwa Mlutheri ninayekwenda ibadani na kutoa sadaka.

Kosa la Cooley lilikuwa kuamua mambo ya mlimani akiwa kitini. Upande wa pili nako wapo waliokaa kitini. Mtakatifu Anselm, karne ya 11, alisema hivi: Mungu ni yule ambaye hakuna mkuu kuliko yeye anayeweza kuwaziwa, kuwepo kweli ni ukuu kuliko kuwepo akilini tu, basi yupo. Mtawa mmoja aliyeitwa Gaunilo akamjibu kwamba kwa mtindo huo hata kisiwa kizuri kupita vyote lazima kiwepo, maana tumekiwaza. Naona Gaunilo alimaliza kazi. Lakini mwaka 2013 watafiti wawili waliingiza kwenye kompyuta hoja ya ukoo huohuo, iliyoachwa na mwanahisabati Kurt Gödel, na kompyuta ikakubali kwamba hitimisho linafuata kutoka kwenye misingi yake. Vyombo vya habari vikashangilia. Kwamba misingi yenyewe ni ya kweli au la, kompyuta haikuulizwa.

Hoja inayonivuta zaidi ni ya al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu: kila kilichoanza kina sababu, ulimwengu ulianza, basi una sababu. Hiyo haiendi kwa kofi. Ila kutoka kwenye "sababu" hadi kwa Mungu anayesikia sala ya mama yangu ni mwendo mrefu, na hoja haituvushi. Aliyelielewa hilo kuliko wengi ni padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kama atomu moja ya awali. Mwaka 1951 Papa Pius XII akahutubia kana kwamba sayansi sasa imetoa ushahidi wa uumbaji. Ungetegemea Lemaître achinje mbuzi. Hakufurahi hata kidogo. Kwake nadharia ile ilikuwa fizikia, iko nje ya swali lolote la dini, na asiyeamini angeweza kuikubali bila kuyumba. Padri mwenye ushahidi mkononi akakataa kuuita ushahidi!

(Kanisa lake, kwa taarifa yako, lilitamka katika Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa nuru ya akili ya binadamu. Majirani zangu Wakatoliki ukiwauliza wanasema ni imani tu. Wameshakuwa Walutheri bila kujijua.)

Upande wa wakanushaji ninao mmoja ndani ya ukoo. Mtoto wa kaka yangu yuko chuo, na Desemba tulipokutana nyumbani alikataa kufungua kikao kwa sala. Wazee wakanuna.

"Baba mdogo," akaniambia pembeni, "nithibitishie yupo, nasali hata mara mbili."

"Siwezi. Na wewe nithibitishie hayupo."

"Mimi sidai kitu. Mnaodai ni nyie."

Hapo ana haki yake. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell aliandika mwaka 1952 kwamba akidai kuna birika dogo linalozunguka jua katikati ya Dunia na Mars, dogo kiasi cha kutoonekana kwa darubini, si kazi yetu kumkanushia. Sawa. Ila kusema "siamini" ni kitu kimoja na kusema "hayupo" ni kingine, na kijana huyo akifika chupa ya pili huhama kutoka la kwanza kwenda la pili bila kupiga honi. Silaha yake kubwa ni wodi ya watoto: Mungu mwema, mwenye nguvu zote, na mtoto wa miaka mitatu mwenye saratani. Hoja hiyo nzito, na wanaoijibu haraka msibani wananikera. Lakini inayemwangusha, kama inamwangusha, ni Mungu wa sifa hizo zote kwa pamoja. Mungu aliye mbali, au asiyeingilia, anabaki amesimama palepale.

Kwa hiyo hapo nawaacha wote wawili, nakwenda Loliondo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, alisema ameoteshwa na Mungu dawa, kikombe kimoja kwa shilingi 500, watu wapone kisukari, pumu, hata UKIMWI. Foleni ya magari kwenda kijijini kwake Samunge ikawa ya kilomita na kilomita. Viongozi wakanywa. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Huku mjini tulibishana usiku kucha: Mungu anaweza au hawezi? Swali lilikuwa limekosewa. Hakuna aliyehitaji kumthibitisha Mungu wala kumkana, kilichohitajika ni kupima sukari kabla ya kikombe na baada ya kikombe.

Sala yenyewe imewahi kupimwa. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Kundi lililoombewa bila kuwa na uhakika wa kuombewa lilipata matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 52, lisiloombewa asilimia 51, na lile lililoambiwa wazi kuwa linaombewa, asilimia 59. Wapo wanaosema huo ndio mwisho wa Mungu, nao wamekurupuka. Muumini atakufungulia Kumbukumbu la Torati 6:16, "Msimjaribu Bwana, Mungu wenu", na ana haki. Ila akishaufungua mstari huo akae nao. Ukikataa mizani siku ya kushindwa, usiilete siku ya kushinda.

Maana wanaileta kila wiki. Mtu anapandishwa madhabahuni, anasema sukari imeisha, kanisa linalipuka. Mimi niliye kwenye benchi la nyuma nataka kuona kadi ya kliniki, ukurasa wa kabla na ukurasa wa baada. Nimewahi kuiomba, kwa heshima zote, baada ya ibada. Nikaulizwa kama nimeokoka.