Mgeni akija Dar, muanzishie Feri

Sisi wakazi wa Dar es Salaam tuna tabia moja: mgeni akitoka mkoani tunampeleka kule tunakotamani kwenda wenyewe. Jumamosi anazungushwa kwenye maduka makubwa yenye kiyoyozi, anapigwa picha kwenye ngazi za umeme, jioni anakula muhogo Coco Beach, na Jumapili anapandishwa basi arudi kwao. Anaondoka akiijua bei ya piza na foleni ya Mwenge. Watalii wa nje nao wana lao. Wanashuka uwanja wa ndege, wanalala usiku mmoja, asubuhi wako kwenye boti ya Unguja. Kwao Dar ni chumba cha kusubiria.

Mimi nikiulizwa nimpeleke mgeni wapi, nikiwa na siku moja tu, jibu langu halibadiliki: tembeeni kwa miguu kutoka Feri, penye kivuko cha Kigamboni na soko la samaki, mpaka Kariakoo. Ukijumlisha na michepuko ni kama kilomita nne. Hakuna kiingilio wala tiketi, na hahitajiki wa kukuelekeza, labda mtu mmoja anayejua mitaa. Mji huu ulipangwa kwa matabaka kutoka baharini kwenda bara, na njia hiyo inayapita yote kwa asubuhi moja.

Sharti ni kuamka mapema. Saa kumi na mbili uwe umeshafika, maana ikigonga saa nne jua la Dar halina mzaha, hasa kuanzia Novemba mpaka Machi. Juni hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma, unaweza kujiongezea saa moja au mbili. Masika sishauri kabisa, isipokuwa kwa anayependa kuruka madimbwi. Usafiri wa kufika Feri ni mwepesi. Aliyelala Kimara au aliyeshukia stendi ya Magufuli, Mbezi, atafika kwa basi la mwendokasi, kwani kituo cha Kivukoni kiko hapohapo jirani. Ila asubuhi magari hujaa, kwa hiyo ukipata la kwanza ambalo unaweza kupanda bila kusukumwa, shukuru.

Kabla ya kutembea, vukeni kwanza. Pandeni pantoni mwende Kigamboni, msishuke haraka kutafuta kitu, geuzeni mrudi. Nauli yake haifikii hata kikombe cha chai ya maziwa mgahawani. Kutoka katikati ya mkondo ndipo mtu anaelewa kwa nini Sultani Majid wa Zanzibar aliitamani sehemu hii miaka ya 1860, wakati ng'ambo hii palikuwa na vijiji vya wavuvi na wakulima. Mlango wa bahari ni mwembamba, ukishaingia ndani maji yanatulia kama ya bwawa. Majid alifariki mwaka 1870 kabla mji haujasimama, na mdogo wake Barghash hakuutilia maanani. Wajerumani ndio waliouinua ukawa makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Yote hayo yanaeleweka ukiwa umesimama kwenye pantoni katikati ya pikipiki, mikokoteni na akina mama wenye ndoo za samaki, kuliko kusomewa darasani.

Mkirudi, ingieni soko la samaki. Hapa ndipo ninapopoteza muda mwingi kuliko pengine popote. Mashua na ngalawa zilizokesha baharini zinafika, mzigo unamwagwa chini, na dalali anaanza kunadi: nguru peke yake, changu fungu, pweza wamefungwa pamoja kwa kamba. Anataja bei haraka mno kiasi kwamba asiyezoea hawezi kujua nani amenunua, maana mnunuzi hapigi kelele. Anainua kidevu tu, au anagusa samaki kwa ncha ya kidole cha mguu, biashara imekwisha. Baba mdogo wangu wa Singida nilipomleta hapa aliinua mkono kujikuna shingo, na kijana mmoja akamgeukia papo hapo: "Shikamoo mzee, umechukua?" Ilibidi nimwombee radhi. Pembeni wapo vijana wa kupara magamba, kila mmoja na kisu chake na ubao wake, halafu wakaangaji wenye makarai makubwa juu ya kuni. Nunua samaki mmoja, mpe kijana ampare, mpeleke kwenye karai, kula hapohapo na ndimu na pilipili. Sijaona hoteli ya nyota tano inayoweza kukupa samaki aliyetoka majini karibu namna hiyo.

Tahadhari moja tu: Ikulu ya Magogoni iko jirani. Ukitoa simu kupiga picha, elekeza kwa samaki.

Kutoka Feri fuateni Barabara ya Kivukoni, bahari ikiwa kushoto. Hii ndiyo iliyokuwa Uzunguni, na majengo ya serikali yaliyopo bado yana paa la vigae na veranda pana za enzi hizo. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa kati ya 1898 na 1902, lina mnara unaoonekana tangu mlipokuwa kwenye pantoni. Pandeni kidogo Mtaa wa Azikiwe mpaka kwenye sanamu ya Askari. Watu wengi wa Dar wanaijua kama alama ya kuelekezana tu, "nikute Askari". Simameni msome maandishi yake. Sanamu iliwekwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana Mjerumani, ambayo Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha herufi za Kiarabu na za Kirumi, na yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Askari mwenyewe ana bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Mpagazi hakuchongwa. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na magonjwa wakibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na walichoambulia ni mstari mmoja kwenye shaba. Likumbuke jambo hili mpaka mfike Kariakoo.

Rudini chini Barabara ya Sokoine. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu linatazamana na kituo cha boti za Zanzibar, kwa hiyo wanaokimbilia Unguja hupita mlangoni pake wakiburuta masanduku bila kugeuka. Jirani yake ipo nyumba ya zamani ya enzi za Majid, inayoitwa Atiman House, kwa kumbukumbu ya Adrian Atiman. Huyu alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi akauzwa utumwani, mapadri wa White Fathers wakamkomboa, akasomea utabibu Malta, kisha akatibu watu Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu kama huyo angekuwa wa nchi nyingine angekuwa na filamu. Mbele kidogo mnakutana na Boma la Kale, kuta nene za mawe ya matumbawe, nalo limebaki kutoka mji wa Majid. Mlango wake wa kuchongwa unastahili dakika tano za macho yako.

Sasa geukeni bara, mkate mitaa ya Samora, Jamhuri na Libya. Mmeingia iliyokuwa Uhindini. Hapa tazameni juu, siyo madukani. Kwenye vipaji vya majengo utakuta jina la familia na mwaka vimeandikwa kwa saruji, roshani za chuma, madirisha ya rangi. Chini kuna duka, juu wanaishi wenye duka. Hekalu za Wahindu, Jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismailia, na misikiti vimekaa mita chache kutoka kimoja hadi kingine. Kuleni bajia au kachori, mnywe juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Mwuza kahawa naye mtamsikia kabla hamjamwona, anagonganisha vikombe vyake vidogo, birika lina mkaa chini, kashata ziko kwenye kopo. Kila mwaka majengo ya namna hii yanapungua. Linazungushiwa mabati, linavunjwa, panasimama ghorofa la vioo ambalo lingeweza kuwa mji wowote duniani. Sipingi maghorofa, watu wanahitaji pa kukaa na pa kufanyia kazi. Napinga uvivu wa kujenga kitu kilekile kila mahali.

Mkivuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed mnaikuta Mnazi Mmoja. Watu hudhani ni bustani ya kupumzikia iliyobaki kwa bahati. La hasha. Wakoloni waliugawa mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa: za Kizungu upande wa bahari, za biashara katikati, za miti na udongo huko nyuma. Kwenye karatasi hawakuandika rangi ya mtu, lakini kila mtu alijua maana yake. Waingereza wakaacha uwazi mpana kati ya Uhindini na Uswahilini, kwa kisingizio cha afya. Ndio huu. Leo umesimama hapo Mnara wa Mwenge wa Uhuru, na wanafunzi wanalala kivulini wakisubiri vipindi. Ng'ambo tu, Mtaa wa Lumumba, ndipo ilipozaliwa TANU, chama kilichopigania uhuru, tarehe 7 Julai 1954. Sidhani kuna hatua mia mbili zenye maana zaidi katika mji huu, na hazina hata kibao kimoja cha kumweleza mgeni habari nzima. Jiji lingeweka vibao vitano kati ya Feri na hapa, gharama yake isingefika hata ya bango moja la matangazo.

Halafu Kariakoo. Hapa ndipo palipokuwa kambi ya wale wapagazi wa vita, wale wa mstari mmoja kwenye shaba. Wajerumani walikuwa wamepapima viwanja kwa ajili ya Waafrika, Waingereza wakapakuta, wakapageuza kambi, baada ya vita mitaa ikaendelea. Jengo la soko kuu, lenye paa la miamvuli ya zege inayokinga maji ya mvua, ni kazi ya Beda Amuli, msanifu Mtanzania, na lilifunguliwa mwaka 1975. Moto wa Julai 2021 ulilijeruhi vibaya. Hata hivyo umbo lake linatosha kumnyamazisha anayesema majengo mazuri ya mji huu yalijengwa na wageni tu.

Mambo ya kununua sitayasema sana, kila mtu ana Kariakoo yake. Mtaa wa Kongo kwa nguo, simu weka mfuko wa mbele, bei ya kwanza usiichukue, na ukivutwa mkono cheka uendelee. Kama mgeni ni shabiki, mpitisheni Msimbazi aone jengo la Simba na kisha Jangwani kwa Yanga. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zinatenganishwa na mwendo wa dakika chache, na ubishi wao umefika mpaka kwa Watanzania wa Muscat na Toronto.

Ninachoomba mkitafute ni nyumba ya Kiswahili. Zimebaki chache, zimebanwa na maghorofa pande zote: paa la bati lililopauka, baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma. Kila chumba kilikuwa na familia au mpangaji kutoka kabila tofauti, wakishirikiana jiko na kisima. Kiswahili cha mjini kilipikwa uani mle, na siasa za uhuru zilizungumzwa kwenye baraza hizo. Kama Jiji lingenunua japo tatu likazihifadhi zikiwa na watu ndani, tungekuwa na makumbusho ambayo hayahitaji kabati la vioo.

Tukija kwenye makumbusho yenyewe, mwenye siku ya pili aende Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako kuna habari za fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus alilolifukua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Saa mbili zinatosha. Kijiji cha Makumbusho kiko Barabara ya Bagamoyo, kina tembe ya Wagogo, msonge wa Wahaya na nyingine nyingi. Makonda wa daladala wanaliita jina lake kutwa nzima, na nina uhakika wengi wao hawajawahi kuvuka geti.

Anayependa picha aende Oysterbay, Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za kushindiliwa (hardboard), na aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Nunueni kwa mchoraji mwenyewe, mkiwa mmekaa naye.

Bongoyo na Mbudya ni visiwa vizuri, tena ni hifadhi ya bahari, kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni wa nje. Ila ulizeni kwanza maji. Maji yakipwa sana, boti hukaa mbali na mnafika nchi kavu mmelowa hadi kiunoni, na Coco Beach nayo maji hurudi mbali. Wavuvi wa Kunduchi watakuambia bure lini bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Mkiwa Kunduchi tayari, pitieni magofu ya msikiti na makaburi yaliyopachikwa vyombo vya kauri vya Kichina, hakuna foleni.

Najua nitaambiwa wazee hawawezi kutembea kilomita nne. Basi kateni vipande viwili. Feri mpaka Boma la Kale siku moja, kisha chukueni teksi mrudi kupumzika. Kesho yake mwanzie Mnazi Mmoja. Mgeni mwenye watoto naye afanye hivyohivyo, na asisahau kubeba maji na kofia. Chenji pia, kwa sababu mwuza kahawa wa Uhindini hana ya elfu kumi.