Kichujio cha kupinda picha: kiachiwe maandishi, sinema iende WebGL

Flash 8, programu ya kutengeneza michoro inayocheza kwenye tovuti, ilipotoka mwaka 2005, watengenezaji wengi wa tovuti walianza kuchezea picha zinazotikisika kana kwamba ziko chini ya maji. Wachache walijua kwamba SVG, lugha ya kuchora picha kwa msimbo kwenye wavuti, ilikuwa na kichujio cha kazi hiyohiyo, feDisplacementMap, tangu 2001. Flash ilizikwa mwishoni mwa 2020. Kichujio cha SVG bado kipo, na ubishi ni uleule: kitumike, au kazi yote iachiwe WebGL, njia ya kivinjari kuchora kwa kutumia kadi ya grafiki?

Kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Kuna picha inayopindwa, na kuna ramani ambayo msomaji haioni. Rangi zake husomwa kama namba tu. Chaneli moja, tuseme nyekundu, huamua msogeo wa kulia na kushoto, na nyingine msogeo wa juu na chini. Thamani ya rangi, kati ya 0 na 1, hupunguzwa 0.5 kisha huzidishwa kwa scale, namba unayoiweka mwenyewe kuamua ukubwa wa msogeo. Kwa hiyo scale ya 40 haisogezi nukta yoyote zaidi ya pikseli 20 kila upande.

Wanaokitetea wana hoja nzito: kinachopindwa si lazima kiwe picha. Kichwa cha habari kilichopindwa kinabaki kuwa maandishi. Unaweza kuyanakili, programu ya kuwasomea wasioona inayatamka kama kawaida, na injini za utafutaji zinayapata. Kwenye WebGL inabidi uyachore kwanza kama picha, kisha uhangaike kurudisha kimoja kimoja ulivyovipoteza. Hata ramani si lazima ipakuliwe. Kichujio kingine cha SVG, feTurbulence, kinachotoa mchoro wa mawimbi yasiyo na mpangilio, huizalisha papo hapo kwa mstari mmoja wa msimbo.

Wanaokipinga nao hawasemi ovyo. Chukua rangi ya kijivu. Kila mtu angetarajia kijivu cha kati, yaani 128 katika ngazi ya 0 hadi 255, kiwe na maana ya "baki hapo ulipo". Weka ramani ya kijivu kitupu yenye scale ya 100 uone: picha nzima inahamia kulia na chini, takriban pikseli 28 kila upande. Sababu ni kwamba vichujio vya SVG, usipoviambia vinginevyo, hukokotoa katika linearRGB, mfumo wa rangi unaopima mwanga wenyewe badala ya namba za kawaida za skrini (sRGB), na humo 128 hushuka hadi karibu 0.216. Ukiandika color-interpolation-filters="sRGB" picha inarudi mahali pake. Karibu, maana 128 ukigawa kwa 255 hupati nusu kamili, na inabaki sehemu ya tano ya pikseli. Hilo la mwisho nawaachia wenye macho makali, lakini la kwanza linapoteza muda wa watu bila sababu, na lawama naiweka kwa kiwango rasmi cha SVG chenyewe.

Kingo za picha nazo hukatwa, kwa kuwa eneo la kichujio huzidi kitu chenyewe kwa asilimia 10 tu kila upande hadi ulipanue.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kubonyeza. Kichujio hubadilisha kinachoonekana tu. Kitufe kilichosogezwa pikseli 30 bado kinapokea kidole pale kilipokuwa, na mtumiaji anayegusa anachokiona anaambulia patupu. Hapo hoja ya kwamba maandishi yanabaki hai inawageukia wanaokitetea kichujio: kiungo kiko hai, ila hakipo kinapoonekana.

Kuhusu kasi, picha inayojaza skrini ikiwa inacheza mfululizo, kila fremu hukokotolewa upya, na katika baadhi ya vivinjari kazi hiyo humwangukia prosesa badala ya kadi ya grafiki. Simu ya bei nafuu inaweza kukwama. Hapo WebGL inashinda bila mjadala.

Kwa hiyo kichwa cha habari kinachotikisika kidogo kwa scale ya 10 au 15, bila kiungo ndani yake, ningekipa kichujio bila kusita. Picha inayofuata kipanya ningeipeleka WebGL. Na picha isiyocheza kabisa? Ipinde kwenye Photoshop, ihifadhi, umalize. Njia yoyote utakayochagua, heshimu prefers-reduced-motion, mpangilio ambao mtumiaji huutumia kuomba mitikisiko ipunguzwe, kwa sababu kuna watu ambao mawimbi hayo huwapa kizunguzungu cha kweli.