Piza, Dagaa na Panga

Mke wangu alikwenda Morogoro kwenye harusi, akaniachia watoto wawili, unga wa sembe na wa ngano, na agizo la kuwapikia ugali. Jumamosi mchana wakaukataa. Wanataka piza. Nikakumbuka bei ya ile ya mjini, nikawaambia piza ni mkate tu uliopakwa nyanya, na mikono ninayo.

Nikakanda unga kwa hamira, tena hamira ya kutosha, nikaweka beseni juani na kulifunika kanga. Kwa jua lile la Tabata, hata sikumaliza kuoga. Mdogo akagonga mlango wa bafu: "Baba, unga umeamka, unatoka nje!" Kweli, ulishainua kanga na sasa unateremkia sakafuni.

Vya kuweka juu ndipo penye kazi. Jibini tulikuwa na vile vipembetatu vya kwenye karatasi ya fedha. Usicheke. Pale Forodhani, Unguja, hutia hivyohivyo kwenye piza yao, pamoja na nyama ya kusaga, yai na mayonesi, na watalii wanasubiri zamu. Nyama sasa, hakuna. Kulikuwa na dagaa wa Kigoma kabatini, na mwembe wa jirani umeinamia upande wetu, umejaa embe bichi.

"Baba, Wazungu wanaweka dagaa?" mkubwa akauliza, uso umemkunjamana.

Nikamwelimisha. Mwaka 1962 Sam Panopoulos, Mgiriki aliyehamia Kanada, aliweka nanasi la kopo juu ya piza kwenye mgahawa wake wa Chatham, Ontario. Leo inaitwa piza ya Hawaii na inaliwa dunia nzima, ingawa wapo wanaoitukana. Waitaliano wenyewe huweka visamaki vya chumvi. Kama nanasi limepita, dagaa azuiwe na nani?

Oveni hatuna. Nikafanya kama wanavyooka keki uswahilini: sufuria kubwa, mchanga chini, sinia la piza ndani, kifuniko, mkaa juu. Kwa keki moto wa chini huwa kidogo, najua. Lakini nilishasoma kwamba piza ya Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu, kwenye moto wa nyuzi 450 hivi. Basi nikajaza mkaa na chini pia, nikapepea mpaka mkono ukafa ganzi. Paka wa mtaa mzima wakajipanga ukutani. Hao angalau walijua kizuri.

Nilipofunua, kaa moja likadondokea katikati ya embe. Nikalitoa kwa koleo, nikawaambia watoto kule Italia huoka kwa kuni, harufu ya moshi wanailipia. Juu ilipendeza, sikufichi. Chini ilikuwa imeshikana na sinia kabisa. Kisu kikapinda. Nikaenda kuchukua panga.

Nimeliinua panga, jasho linanitiririka, watoto wamerudi nyuma kwa usalama wao, nasikia: "Hodi hapa!"

Mama mkwe. Bila taarifa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kuna amani humu?"

"Amani tupu, mama. Nawakatia watoto piza."

Akasogea, akainama, akaiangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza taratibu, "Hii chapati ilikosa nini mpaka ikaadhibiwa hivi?"

Akafunga kanga kiunoni. Dagaa akawabandua mmoja mmoja, akawaunga upya kwa nyanya na zile embe zilizobaki, akasonga ugali. Ule unga uliokuwa unatoroka beseni akaukata maandazi. Watoto, walewale waliokataa ugali, wakalamba mpaka sahani. Mimi nilikula kipande changu cha piza chote, sehemu iliyokubali panga, na nasema tena kwamba embe na dagaa vinaelewana.

Usiku mke wangu akapiga simu. Mdogo akaiwahi: "Mama, baba alitupikia chapati ya dagaa kwa panga, bibi akatuokoa!"

Nikampokonya simu. Kwa bahati mbaya, mtandao ulikuwa unasumbua.